Eliud Nnko, Mshambuliaji Aliyependa Kuanzia Goli la Chini

Marehemu Eliud Sadoki Nnko alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 Nkoaranga, Meru, mtoto wa tatu wa Mzee Sadoki na Mama Elifuraha, wakulima wa kahawa na ndizi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, 1974 hadi 1980. Uwanja wa shule ulikuwa wa mteremko, na mpira ukitoka ulibingirika hadi kwenye migomba ya watu. Wenzake walipokuwa wakitegeana nani aufuate, Eliud alikuwa ameshaufikia.

Mwaka 1985 alijiunga na timu ya Wakulima ya Tengeru kama mshambuliaji, huku akipakia ndizi sokoni. Tuseme ukweli, chenga alikuwa nazo mbili tu, na wilaya nzima ilizijua. Alichokuwa nacho ni pumzi na moyo wa kutokata tamaa, na mabao yakaja. Alistaafu mwaka 1999, na mwaka 2001 akakabidhiwa timu hiyohiyo kama kocha. Uwanja wao nao ulikuwa wa mteremko, na kila mara alitaka vijana waanzie goli la chini. "Tupande tukiwa na nguvu," aliwaambia. "Kushuka kupo."

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Prisca. Walifahamiana kwenye mnada wa sadaka ya mavuno, nje ya kanisa, Eliud alipong'ang'ania mkungu wa ndizi alioutoa Prisca mpaka wengine wote wakanyamaza. Na kwao Eliud migomba ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Matibabu yalimsaidia, lakini sauti ilikwenda. Binti yake Elinipa, aliyekuwa pia msaidizi wake, akawa anasimama naye kando ya uwanja: baba ananong'ona, binti anapaza sauti. Marehemu alitamani sana timu ibaki mikononi mwa binti huyo. Mwenyekiti wa timu, Mzee Yoeli, alisita.

"Vijana wanakusikiliza wewe, Mwalimu. Huyu binti wakimgomea?"

Swali hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu.

Mei 17 mwaka huu, katika mechi yake ya mwisho, alikaa kwenye kiti na hakunong'ona neno. Elinipa aliwaanzisha goli la chini. Wakafungwa bao moja wakipanda, wakarudisha mawili wakishuka. Mzee Yoeli alipokuja kutoa pongezi, marehemu alimwelekeza kwa binti.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, Juni 6, 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tumeumia sana, ila hatujaachwa mikono mitupu.

Ameacha mjane, Prisca, watoto watatu, Elinipa, Nelson na Magdalena, wajukuu wanne, na timu. Kaburi liko juu, kwenye kahawa ya baba yake, na wachezaji ndio watakaobeba jeneza. Jana jioni Mzee Yoeli alisimama mbele ya waombolezaji.

"Njia ni ya kupanda na inateleza," alisema. "Vijana, msikilizeni kocha wenu, Elinipa."

Wote wakaitikia, "Sawa, Mzee."

Umepanda vya kutosha, Eliud. Mungu akupumzishe.