Maumivu Niliyomficha Daktari, Mama Mkwe Akayasema

Bwana asifiwe, wapendwa. Na ninyi wa kule nyuma msifuni pia, kwa sababu ushuhuda wangu wa leo unawahusu zaidi ninyi wanaume mnaopenda kukaa karibu na mlango.

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Takawiri. Wengi wenu hapa Homa Bay mnakijua kile kisiwa kama mahali pa kwenda kutembea siku ya sikukuu. Mimi nakikumbuka kwa maji yake ya asubuhi. Miaka ile ya sitini, bendera yetu ikiwa bado mpya, wanaume tulikuwa na ufuo wetu wa kuogea nyuma ya mawe, na wanawake walikuwa na wao upande wa pili. Ziwa lilikuwa safi. Gugu maji hatukulijua, na samaki aina ya ngege ulimwona akipita katikati ya miguu yako. Ukiingia tu kwenye yale maji baridi, mwili unajikunyata na korodani zinapanda juu zenyewe. Wazee walitucheka. Baba yangu alizoea kusema, "Zimekimbilia nyumbani, zitatoka jua likiwaka." Nao wazee wale wote wamelala sasa, na ufuo ule nikiukumbuka machozi hunilenga.

Akina mama, msiinamishe vichwa. Ni Mungu aliyeziumba, na hakuona haya.

Basi nilimwoa Anyango, binti wa watu wanaokaa ng'ambo ya ghuba hii yetu, pale ambapo ukisimama ufukweni unayaona mabati ya Homa Bay yakimeta. Ndoa haikuwa imemaliza mwaka nilipokwenda ukweni peke yangu kuwapelekea samaki. Nilikusudia kurudi siku ile ile. Ninyi wazee mnajua kwamba kwetu Wajaluo mkwe haruhusiwi kulala ukweni. Lakini mvua ilishuka, ziwa likachafuka, shemeji yangu Odhiambo akanitandikia kitanda chumbani kwake. Nikalala nikijua ninavunja mwiko.

Kulipopambazuka niliamka na maumivu ambayo sijawahi kuyapata tena. Yalinishika korodani ya kushoto, yakapanda mpaka kitovuni, nikatapika. Odhiambo akaniuliza ni wapi panauma. Ndugu zangu, niko ukweni. Ningesema nini? Nikasema, "Ni tumbo."

Nyumba nzima ikajua sababu. Ni chira, walisema, ile laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa nililala pasipolaliwa. Hata mimi niliamini. Baba mkwe akamtuma mtu avuke mlima kumwita mzee wa manyasi, dawa ya kuondoa chira, na mzee huyo asingefika kabla ya jioni. Nikajikunja kitandani nikimngoja. Nilikuwa nikimwaza Anyango, kwamba nitamwacha mjane, au nitaishi naye bila kumpa mtoto.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu. Kwetu maro, yaani mama mkwe, ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humshiki mkono, hukai naye karibu, na jina lake hulitamki. Asubuhi ile, ziwa likiwa limetulia, alikuwa ufukweni akipakia samaki wakavu wa kuuza Homa Bay. Nilipojikokota kwenda chooni aliniona ninavyotembea, miguu imepanuka. Alikuwa amelea wavulana watupu kabla ya Anyango. Hakusema nami. Alisema na mwanawe, kwa sauti ya kunifikia.

"Odhiambo, mwambie mkwe wangu aingie mtumbwini. Anaenda hospitali."

Baba mkwe akashtuka. "Mama Odhiambo, utapanda mtumbwi mmoja na mkwe wako?"

"Nitageuza mgongo," akasema. "Akikufa hapa, hiyo heshima nitampatia nani?"

Wakashusha samaki nusu ili nipate pa kulala. Odhiambo na jirani wakapiga kasia. Mama yule alikaa mbele kabisa, uso ameuelekeza Homa Bay, kitambaa kichwani, na njia nzima hakugeuka hata nilipolia. Lakini nilimsikia akiomba. Nimepanda vyombo vingi tangu siku ile, hata meli kubwa ya Kisumu, na hakuna safari ninayoikumbuka kama hiyo.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mrefu, mpole wa sauti. Akaniuliza panauma wapi. Nikasema tumbo. Akanibonyeza tumbo, akauliza tena, nami nikang'ang'ana, ni tumbo tu, kwa maana nilijua mama mkwe amesimama nje ya pazia. Daktari akaniambia nipumzike aniangalie baadaye. Alikuwa anageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo Bwana alipofungua kinywa cha yule mama.

"Daktari," alisema kutoka nje, "huyo ni mtoto wangu. Ananionea aibu. Sio tumbo. Muangalie chini."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe kutaja jambo lile mbele ya watu! Nikasikia nyayo zake zikienda mbali, ili asinione.

Daktari akanivua. Akapitisha ukucha wake taratibu ndani ya paja la kulia, nikaona korodani ya upande ule ikipanda juu kidogo, yenyewe. Akafanya vivyo hivyo paja la kushoto. Kimya. Haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imevimba na imekaa juu kwa kulala upande. Uso wa daktari ukabadilika.

"Kuna msuli mdogo unaozivuta," aliniambia wakiniandalia chumba cha upasuaji. "Baridi ikija unazipandisha zipate joto, joto likizidi unazishusha. Ukigutuka, msuli huo unazificha zisiumie. Upande wako huu msuli haujibu. Nafikiri korodani imejizungusha, na damu haifiki. Ungengoja jioni tungeikata na kuitupa."

Ndugu zangu, kumbe yale maji ya Takawiri! Kumbe kile tulichokicheka miaka yote kilikuwa mlinzi ambaye Mungu alimweka ndani yetu, naye siku ile alinyamaza ili daktari ajue kuna hatari. Haikuwa chira. Mungu hakuwa na hasira nami kwa kulala ukweni kwa ajili ya mvua.

Walinipasua, wakaizungusha irudi mahali pake, damu ikaingia tena. Wakazishona zote mbili zikae imara, kwa sababu hata nyingine ingeweza kujipinda siku moja. Nilipozinduka daktari alinishika bega akasema, "Imepona." Nikalia mbele za watu na sikuona haya.

Anyango akanizalia watoto, na kati yao wako wanaokaa kwenye viti hivi.

Mama mkwe wangu hakuwahi kuligusia jambo lile. Alirudi kwenye heshima yake. Tukikutana njiani alipisha pembeni na kugeuka, nami niligeuka, na kila mmoja alijua anachokijua mwenzake. Alilala katika Bwana bila mimi kumwambia asante, maana kwetu hapakuwa na njia ya kuisema. Namkumbuka kila nionapo mtumbwi ukivuka ghuba asubuhi.

Sasa, wanaume wa mlangoni, nawaomba. Ukishikwa na maumivu ya ghafla pale, wewe au mwanao, usiseme tumbo. Usijipime nyumbani, usingoje jioni. Kimbia hospitali, useme panapouma. Na umwamini Yesu, kwa maana anaweza kukuokoa kupitia mtu ambaye hata mkono huruhusiwi kumpa.

Binti yangu mkubwa alipojifungua alinijia akasema, "Baba, tumempa mtoto jina la nyanya mzaa mama." Kwa mjukuu hakuna mwiko. Ndugu zangu, jina lile nililolimeza miaka yote sasa naliita kila asubuhi, na kila mara nikiliita ndipo ninapomshukuru.

Atieno, mjukuu wangu, simama. Geuka watu wakuone uso.