Siku Jina Yangu Iliitwa Mara Mbili

Wababa, wamama, kabla ya yote nasalimia ule mama mwenye amekaa karibu na mulango kama mutu mwenye anataka kukimbia. Mama, baki kidogo. Hii maneno ni yako.

Waliniomba niseme mbele yenu, wazazi wenye watoto wanasumbuka na masomo. Mimi mwenyewe nilikuwa mutoto wa namna hiyo. Vita ilitufukuza kijiji yetu ya Bule, nikaishia hapa Bunia, kule mutaa wa Saio, kwa shangazi yangu, dada ya baba. Ni yeye tu nilibakia naye.

Kalasi yetu ilijaa watoto wenye walikimbia. Mwalimu anaandika mustari kwa tablo, anaisoma, siye wote tunaitikia kwa nguvu. Mimi nilikuwa naitikia kuliko wote! Musicheke. Masikio yangu ilikuwa mazuri sana. Lakini siku walinisimamisha nisome peke yangu, sikujua hata nianzie wapi. Macho inashika neno, pikipiki inapita barabarani, akili inapanda juu yake inaenda. Nikirudi, wenzangu wako kwa mustari ingine.

Wakaniweka benchi ya nyuma, peke yangu, nisisumbue wengine. Ndugu zangu, nawaambia, upweke unaweza kukukuta mu kalasi yenye imejaa mpaka watoto wanakaa chini. Wakati wa kucheza nilikuwa nasimama kwa ukuta, najifanya natengeneza kiatu. Wengine walisema nimerogwa. Kanisani waliniombea, tena na tena, na mimi nimefunga macho nikiwaza: Mungu naye amechoka na mimi.

Siku ya proklamasyo munaijua wote. Wazazi wanavaa vizuri, wanajaa kiwanja cha shule, direkta anasoma majina ya wenye wamepita, kuanzia wa kwanza. Jina ikiitwa, vigelegele, familia inakimbia kumukumbatia mutoto. Mwenye ameanguka haitwi. Mwaka ule wa kwanza shangazi alivaa kikwembe yake nzuri, tukasimama mpaka direkta akakunja karatasi. Tulirudi nyumbani. Mwaka uliofuata alikuja tena, ikawa vile vile. Kisha akaniambia, "Weye enda tu, mimi niko na kazi." Sikumulaumu. Lakini iliniuma kuliko benchi ya nyuma.

Halafu akaja Madamu mumoja kutufundisha. Siku moja wenzangu walipotoka, alinizuia.

"Mudomo yako inasoma, lakini macho iko dirishani. Niambie, ni nini inakusumbua?"

Hakuna mutu alikuwa amewahi kuniuliza. Nililia, ndipo nikamueleza habari ya pikipiki. Alicheka, mimi pia nikacheka. Kesho yake akanileta karibu na tablo, mbali na dirisha. Akakata tundu refu mu kipande cha karatoni, nikiiweka juu ya kitabu naona mustari moja tu, ingine yote imefichwa. Akinituma kitu, ananiambia moja, ikiisha ndipo ananiambia ya pili. Miguu ikianza kuwasha, ananipa chaki nigawe. Wenzangu walinung'unika, "Huyu anapendelewa." Akawajibu, "Mwenye haone vizuri, tunamuweka wapi? Si mbele? Basi nyamazeni." Wakati wa mitihani aliomba direkta akubali nisomewe maswali kwa sauti. Direkta alikunja uso, lakini alikubali.

Siku ya proklamasyo nilienda peke yangu, kama kawaida. Direkta alisoma, akasoma, na karibu na mwisho wa karatasi akaita jina yangu. Nikaenda mbele. Nikageuka. Hakukuwa mutu wangu. Familia za wengine zilikuwa zinakumbatiana, Madamu tu ndiye alinipigia makofi. Ndugu zangu, siku yangu ya furaha ndiyo siku nilijisikia yatima kabisa.

Nyumbani nilimukuta shangazi anapanga samaki ya kuuza, ile inatoka Tchomia kule ziwani.

"Wameita jina yangu."

"Usinichezee, mutoto."

"Wameiita."

Alinitazama sana. Akanawa mikono, akavaa kikwembe ile ile, akanishika mukono mpaka shuleni. Kiwanja kilikuwa kitupu, sentineli mwenye kulinda shule anafagia. Madamu alikuwa anafunga mulango wa kalasi.

"Madamu," shangazi akamwambia, "nakuomba umuite tena. Mimi sikukuwa hapa."

Madamu hakucheka. Alienda kusimama pale direkta alikuwa amesimama, akaita majina yangu yote kwa sauti kubwa, kama vile wazazi wamejaa mbele yake. Shangazi akapiga vigelegele mpaka sentineli akaangusha fagio.

Leo mimi ni mwalimu hapa Bunia. Pikipiki bado zinanibeba, lakini nimejua kushuka. Karatoni nawakatia watoto wangu. Namushukuru Madamu, namushukuru direkta mwenye kukunja uso, nawashukuru ninyi wa kanisa wenye muliniombea bila kuchoka. Shangazi amekwisha kufa. Siku nilipewa diploma yangu, niligeuka tena, ni mazoea.

Mama wa kule mulangoni, omba walimu wamuweke mutoto wako mbele. Na siku ya proklamasyo, enda. Hata kama unajua hataitwa, vaa kikwembe yako, simama naye mpaka karatasi ikunjwe. Mutoto akigeuka, akukute.