Krismasi ya Novemba kwenye Stesheni ya Nakuru

Benchi la Akeyo, muuza kahawa, lilikuwa nje ya ua wa stesheni ya Nakuru, ubao wa behewa kuukuu uliolazwa juu ya mawe. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa hamsini na nane, Masinde alifika hapo amevaa koti lake la kanisani, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Rafiki yake Ogola, ambaye waliunganisha naye mabehewa hapo stesheni miaka mingi kabla hajapelekwa Kisumu, alikuwa amehamishwa tena, safari hii mpaka Voi. Gari lake la moshi lingesimama Nakuru kidogo tu. Enzi zile wawili hao walikuwa wakila Krismasi sufuria moja, na Masinde aliona wakienda hivi hivi hawatakula tena. Basi akamchinja jogoo, ingawa mkewe Naliaka alimwambia amerukwa na akili.

Kwenye benchi walikuwa Odero, aliyeitwa Askofu kwa sababu aliwahi kumbebea askofu mzigo, na Joash, aliyeitwa Saa Mbovu kwa ajili ya saa ya mkononi iliyokufa zamani naye akakataa kuivua.

— Masinde, nani amekufa? aliuliza Askofu.

— Hakuna. Leo ni Krismasi.

Akeyo aliacha kumimina.

— Krismasi gani, na mimi sijapaka nyumba chokaa?

— Yangu na Ogola. Anapita na gari la Kisumu.

— Haiwezekani, alisema Askofu. Saa hii Mariamu bado yuko kwao, hata mzigo hajafunga. Unakulaje jogoo wa mtoto ambaye hajafika?

— Kwani alizaliwa zamani, ama anazaliwa kila mwaka?

Askofu alipiga funda la kahawa kwanza.

— Yote mawili.

— Wacha Mariamu, alidakia Saa Mbovu. Shida ni reli. Krismasi inatoka na meli, inashuka Mombasa, inapanda gari kama sisi. Voi inafika mapema, Nakuru baadaye, Kisumu mwisho kabisa, imepoa. Huyu Ogola amezoea ile ya kuchelewa. Mkimhamisha ghafla kwa ile ya mapema, hapo katikati kuna siku zake zitapotea.

— Zitapotea wapi? aliuliza Masinde.

— Makindu. Zimejaa huko.

— Na akila hapa?

— Mbaya zaidi! Akila hapa, akila tena Voi, hizo ni Krismasi mbili. Serikali itahesabu amezeeka mara mbili. Kabla ya Pasaka atakuwa amestaafishwa.

Masinde alicheka, kisha akalitazama koti lake. Je, Ogola naye akimwona na koti lile, akacheka hivyo hivyo?

— Mimi nasema tuile sisi, alisema Askofu akisogea. Tuiite chakula tu. Hapo hakuna dhambi.

— Toa mkono, Askofu.

Gari likapiga honi kule mbele. Masinde akakimbia na sufuria yake, na benchi zima likamfuata na vikombe mkononi. Ogola alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili, shingoni amefunga tai.

— Krismasi njema, wewe Masinde! alipiga kelele kabla gari halijasimama.

Masinde alifungua kitambaa. Akafunua sufuria, akaiinua juu.

Walikula hapo hapo, mmoja ndani, mmoja nje, mafuta yakitiririka kwenye tai na kwenye koti. Ogola akaanzisha wimbo wa Krismasi, Masinde akapokea, Saa Mbovu akatia sauti ya chini, na Askofu, aliyekwisha kupata bawa, akabariki abiria wote wa daraja la tatu. Gari lilipoanza kwenda, Masinde alishika mkono wa rafiki yake, akatembea nalo, akakimbia nalo, mpaka jukwaa likamwishia.

Aliporudi akijipangusa macho kwa kitambaa cha sufuria, alimkuta nyanya mmoja aliyeshuka na kikapu chake, amesimama mbele ya wenzake, amejaa wasiwasi.

— Wanangu, leo ni Krismasi?

Askofu alimtazama Saa Mbovu. Saa Mbovu alimtazama Akeyo.

— Mbona mimi sikuambiwa? aliuliza tena nyanya.

Masinde alichungulia ndani ya sufuria. Ilibaki shingo. Akampa, naye nyanya akaipokea kwa mikono miwili, akakaa juu ya kikapu chake, akafunga macho, akaomba.