Mheshimiwa Asiyekunywa Maziwa

Njia panda ya Khadli, chini ya milima ya Aravali, ina benchi moja la jiwe ambalo limeamua mambo mengi kuliko baraza la wilaya, na karibu yote limeyaamua vibaya. Liko mbele ya jiko la chai la Kesar, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mzito wa tangawizi. Kila asubuhi, kondoo wakishatoka kwenda machungani, hukaa hapo wazee watatu wa Kiraika, watu ambao kazi yao tangu enzi na enzi ni kuchunga, kila mmoja na kilemba chake chekundu na kikombe chake cha udongo. Okaram wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Tejaram wanamwita Wakili, ingawa mahakamani amefika mara moja tu, na siku hiyo mshtakiwa alikuwa yeye. Harji hana jina la utani. Yeye ni mtu wa kunyamaza, na mtu wa namna hiyo watu humpa heshima ambayo pengine hastahili.

— Basi la saa nne ndilo analokuja nalo diwani, alianza Redio. Na fomu yake ya kibali mkononi. Tuamue sasa hivi, tunatia vidole gumba au hatutii?

— Mimi changu hakiendi popote, akasema Wakili.

— Wakili, mvua hiyo hapo mlimani. Mashamba yakishalimwa, kondoo utawapeleka wapi? Bila kibali msituni hawaingii.

— Kibali nakitaka. Simtaki yeye kunisemea. Mtu hanywi maziwa, hali samli, hata asali anasema ni ya nyuki. Sasa huyo akasimame mbele ya wakubwa wa misitu, aseme mimi ni mdomo wa wafugaji?

Kesar alikuwa anakoroga sufuria, akageuka.

— Kwani nyinyi nyama mnakula?

— Chunga mdomo wako, mama. Tangu babu wa babu yangu, hakuna Mraika aliyeonja nyama.

— Basi amewazidi hatua moja tu. Nyinyi mmeishia kwenye nyama, mwenzenu kasogea mpaka kwenye maziwa.

— Hiyo hatua moja ndiyo inayonitisha, alisema Wakili. Umeona viatu vyake? Turubai. Ngozi hagusi. Baridi ya mwezi wa kwanza alikuja hapa anatetemeka, mke wangu akampa blanketi la sufu yetu wenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni. Sisi tunaishi kwa sufu, bwana.

— Ila alikaa kambini siku tisa, akasema Redio. Kondoo wakizaa. Usiku na mchana. Yule aliyekuwepo kabla yake, anakunywa maziwa lita mbili kwa siku, mlimwona lini huku?

— Huyo tulimwona kwenye picha.

— Haya.

— Lakini ilikuwa picha ya mtu anayekunywa maziwa.

Walicheka, hata Kesar. Harji alitabasamu kwa adabu na kuangalia chai yake. Siku nyingine angekuwa ameshasema neno lake moja na mjadala ungefungwa. Leo kila neno la kumpinga yule mama diwani lilimpendeza, na alijua kwa nini linampendeza, na kule kujua ndiko kulikomkosesha raha.

Redio akapandisha sauti kidogo, kama kawaida yake akiwa na habari asiyoweza kuithibitisha.

— Nimesikia huko mjini watu wa namna yake wanataka kondoo asinyolewe mpaka aulizwe kwanza.

— Aulizwe na nani?

— Na afisa. Kutakuwa na afisa wa kuuliza kondoo.

— Na kondoo akinyamaza?

— Kunyamaza si kukubali, alisema Wakili kwa uzito wote wa mshtakiwa wa zamani. Kisheria hapo umekwama. Unabaki na kondoo mwenye nywele zake.

— Ndo ujue sasa. Na wakishazoea kuulizwa, watataka kupiga kura.

— Wee.

— Kura, nakwambia. Wewe una kondoo mia mbili. Nyumbani kwako mko wangapi?

Wakili akahesabu kwa vidole.

— Sita. Saba, na mama mkwe.

— Basi umeshapinduliwa. Utakuwa unalala zizini na dume kubwa linalala kitandani, tena upande wa mama mkwe.

— Na madume yakizeeka?

— Wanayajengea nyumba ya wazee. Majani yanaletewa yamekatwa. Dume limekunja miguu, linasubiri dakitari aje alipime presha.

Redio alikuwa ameshafika mbali na asingerudi, lakini Kesar, aliyekuwa anawajazia vikombe, aliuliza bila hata kuinua kichwa:

— Dume gani la Khadli litakalozeeka? Mimi nipo hapa mwaka wa ishirini na mbili. Dume mzee sijamwona hata mmoja.

Redio alijikohoza, Wakili akagundua kwamba kilemba chake kimelegea, na Harji akahisi masikio yake yanapata moto.

Kwa maana madume huondoka. Kila mwaka kabla ya mvua huja gari, alfajiri, na mchuuzi hushuka na kusalimia sana. Mwenye kondoo humuuliza, unawapeleka wapi? Mchuuzi hujibu, kufugwa, mzee wangu, kuna mtu ana malisho huko mbali. Kisha hunyofoa kishungi cha sufu kwenye mgongo wa kila dume na kumpa mwenyewe akachomeke zizini, ili baraka isiondoke na gari. Swali ni lile lile na jibu ni lile lile, na hakuna mtoto wa Khadli wa miaka saba asiyejua gari lile linakwenda machinjioni. Siku tatu nyuma Harji aliuliza swali hilo na kupokea vishungi ishirini na viwili.

Mtu mmoja tu aliwahi kulisema kwa mdomo wake. Alikuwa Bhera, jirani yake Harji na mwenzake wa machungani toka utoto. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mbele ya watu, Bhera alisema: nimewauza wakachinjwe, watoto wangu walikuwa hawana unga, na nyinyi wote mnafanya hivyo hivyo. Wazee wakamkatia maji na kiko, maana yake asinywe kisimani kwao wala asivute nao. Harji, kijana mwenye nguvu wakati huo, ndiye aliyetumwa akamwage mtungi wa Bhera mlangoni pake. Aliumwaga. Alfajiri ya wiki hiyo hiyo alikuwa ameuza madume tisa. Bhera alihama na mkewe, akaenda kufanya kazi ya kufuma vitambaa mjini, na Harji hajawahi kumfuata hata kumjulia hali.

— Mzee Harji, wewe mbona kimya? Redio alimgeukia. Tumalizie. Anafaa, hafai?

— Hafai, alisema Harji.

— Kwa sababu?

— Atatuonea aibu. Mtu anayemwonea huruma nyuki, sisi atatutazama vipi? Atatusemea huku anaona kinyaa.

Kilikuwa kitu kizuri cha kusema, na wenzake walitikisa vichwa kukubali. Harji mwenyewe hakukiamini.

Basi likafika na kushusha magunia, mabati manne na Mheshimiwa Charulata, diwani wao wa mwaka wa pili, mwanamke mwembamba wa makamo, mkoba wa kitambaa begani na viatu vya turubai. Basi lile hugeukia hapo hapo Khadli, kwa hiyo alikuwa na dakika ishirini. Kesar alikuwa ameshamwekea chai kavu, isiyo na maziwa, kwenye sufuria ndogo ya pembeni, jambo ambalo wale wazee hawakuwa wameliona.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mheshimiwa, karibu, walijibu, na Wakili, aliyekuwa anamtoa udiwani sasa hivi, akampangusia benchi kwa shuka lake.

Alikaa, akanywa chai mafunda mawili, akaifungua fomu magotini. Kila kitu alikuwa amekijaza kwa mkono wake. Idadi ya kondoo kwa kila zizi, njia ya kupitia, visima vitatu, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Alikuwa ameambatisha hata barua kuukuu ya enzi za mfalme inayotaja haki ya Waraika kupita msituni, ambayo Redio alikuwa akiisimulia miaka yote na hakuna aliyejua kama ipo.

— Umeipata wapi hii? aliuliza Redio, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Kwenye kabati la ofisi ya kodi, baba. Nilikaa siku nne, wakachoka kuniona wakanipa. Sasa kikao ni kesho saa tano. Mnakumbuka wenzenu wa kijiji cha jirani?

Walikumbuka. Mwaka jana wenzao waliandika kondoo mia tatu, langoni wakahesabiwa mia tano. Ombi likatupwa kwa sababu ya uongo mmoja, na msimu mzima wa mvua kondoo wao walisimama zizini wakitafuna vumbi.

— Kwa hiyo yote yawe kweli, alisema. Nimebakiza mstari mmoja tu, sikutaka kuujaza bila nyinyi. Wanauliza, kondoo madume mnawauza kwa shughuli gani?

Kesar aliacha kukoroga.

Redio, ambaye hazimwi, alizimika. Wakili alisoma ile fomu kwa muda mrefu, na kusoma hajui.

— Hakuna ubaya, wazee wangu, Charulata alisema taratibu. Sheria haimkatazi mtu kuuza. Afisa ana daftari la kizuizi cha barabarani, kila gari limeandikwa linakokwenda, kwa hiyo jibu analijua. Na mimi nalijua. Kule kambini siku tisa sikuwa nimefumba macho.

— Sasa kama unajua, andika, alisema Wakili.

— Siwezi kuwawekea neno mdomoni. Watu wanasema mimi si wa kuwasemea, kwa sababu ya ninavyokula. Labda ni kweli. Ndiyo maana nataka lenu, lisiwe langu. Mkiniambia wanakwenda kuchinjwa, nitasimama kesho nitasema wanakwenda kuchinjwa, watu hawa ndivyo wanavyoishi, na sitapepesa macho. Mkiniambia vingine, nitasema hivyo vingine. Wanakwenda wapi?

Redio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Harji. Ilikuwa haki yao, yeye ndiye mkubwa, naye ndiye mwenye vishungi vipya zaidi zizini. Harji alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, neno moja tu, la Bhera. Aliona wenzake wanavyomsubiri, aliona Kesar kasimama na mwiko, akafikiri kwamba akilitamka mbele ya watu hawa, basi ule mtungi aliumwaga bure.

— Wanakwenda kufugwa, alisema.

Charulata alimwangalia. Hakukuwa na hasira usoni pake, na Harji angetoa chochote awe na hasira.

— Niandike hivyo, baba?

— Andika.

— Wazee wote ndivyo mnavyosema?

Redio na Wakili waliangalia miguu yao, wakaitikia kwa koo.

Akaandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akawasomea, kisha akatoa kidau cha wino. Wakatia vidole gumba mmoja mmoja, hata kile cha Wakili ambacho kilikuwa hakiendi popote. Akavipuliza vikauke, akawashukuru, akamshukuru Kesar kwa chai, akavuka barabara kwenda kwenye basi.

— Mbona hakubisha? Wakili aliuliza.

— Atabisha vipi? alisema Kesar. Ninyi ndio mmemtuma. Kesho watamcheka yeye.

Harji aliinuka. Basi lilikuwa bado linapakia magunia ya mtama, na Charulata alikuwa amekaa dirishani, fomu ndani ya mkoba, mkoba juu ya magoti. Harji alivuka barabara kwa haraka kuliko umri wake, akafika, akagonga kioo. Charulata akakifungua na kuinamisha kichwa nje ili asikie vizuri.

— Ndiyo, baba?

Hapakuwa na mtu karibu. Utingo alikuwa juu ya paa na wale wengine walikuwa mbali, wasingesikia. Mwanamke yule alisubiri, na alisubiri kwa wema, na ule wema ndio uliomshinda Harji. Dereva akapiga honi.

— Safari njema, mheshimiwa, alisema Harji.

— Asante, baba. Msiwe na wasiwasi, nitasema kama mlivyoniagiza.

Basi likaondoka. Harji hakuwa na uso wa kurudi benchini. Alishika njia ya nyumbani kwa nyuma ya maduka, akipita kwenye mashamba ya watu, asije akakutana na mtu wa kumsalimia.