Taa Tatu Nyuma ya Minyaa

Benchi la kijiwe chetu hapa Nkololo ni mbao za mzani wa pamba wa chama cha msingi cha ushirika. Chama kilipofilisika na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, fundi alizigongea miguu, tukaketi. Asubuhi hukaa watu watatu. Luhaga anaitwa Redio, kwa sababu hatoki bila redio yake ya betri. Shija ni dalali wa ng'ombe, tunamwita Mnada. Wa tatu ni Mboje, mwenye maksai wa kukodisha, ambaye hana jina la utani kwa kuwa haongei vya kutosha. Joakim humimina kahawa. Asubuhi ile ya Novemba mvua ilikuwa haijanyesha. Jana yake jioni Mboje alikaa uani akitazama mashariki, akingoja Kilimia, zile nyota ndogo zilizokusanyika ambazo zikionekana watu huanza kupanda. Kabla hazijatoka, aliona taa tatu. Alimwambia mkewe mjamzito, Milembe. Kulipokucha, kisima kizima kilikuwa kinajua. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaitisha mkutano wa mchana huohuo.

Mnada: Hebu rudia. Zilikuwaje?

Mboje: Tatu. Zinakwenda pamoja, polepole, hazina mlio. Zikashuka nyuma ya ua wa minyaa wa Nyanjige.

Mnada: Umesikia, Redio? Boma la yule mjane, Nyanjige.

Redio: Nimesikia minyaa. Hiyo ni ndege ya wanunuzi wa pamba. Siku hizi soko huria, bwana. Wanapima mashamba kutoka juu, wajue nani atavuna nini kabla hata hujapanda.

Joakim: Ndege isiyo na mlio?

Redio: Mlio ni wa ndege za serikali. Za watu binafsi zinatunzwa.

Joakim alicheka. Mboje hakucheka.

Mnada: Ndege inatua kwenye kijumba cha mjane?

Redio: Basi ni setilaiti. Redio imesema zinazunguka huko juu usiku na mchana. Viwanda vimeuzwa, mabenki yanauzwa. Unadhani anga itabaki? Mzungu ameshanunua kipande chake, sasa anaweka taa za mpakani. Haba na haba hujaza kibaba.

Joakim: Kibaba kimeingiaje hapo?

Redio: Taa moja, mbili, tatu. Hesabu mwenyewe.

Mnada: Cheka tu. Mimi ndama wangu wawili wamekufa mwezi huu. Mvua hakuna. Sasa taa. Wewe umezaliwa hapahapa, Redio, unajua kabisa nani anatembea na moto usiku. Anapanda fisi. Fisi anamulikiwa njia.

Redio: Angani?

Mnada: Fisi wa zamani walitembea chini. Hawa wa sasa wamebadilika. Kila kitu kimebadilika! Na macho ya yule mama umeyaona? Mekundu kama pilipili.

Redio: Anapikia mavi ya ng'ombe na vijiti vya pamba, miaka arobaini, kwenye jiko lisilo na dirisha. Ya mama yako yalikuwaje?

Mnada: Usimtaje mama yangu.

Redio: Nauliza tu. Mboje, hiyo Kilimia yenyewe ilitokea?

Mboje: Ilitokea.

Redio: Upande gani?

Mboje: Nyuma ya minyaa.

Redio: Na jua la leo?

Mboje aligeuka kutazama mashariki.

Mboje: Hapohapo. Boma lake liko mashariki kwangu. Kila kitu kinatokea hapo.

Redio: Basi mama ana kazi. Anatengeneza hata jua.

Mnada: Dalili ya mvua ni mawingu!

Redio: Mawingu yako wapi?

Mnada aliweka kikombe chini. Alimgeukia Mboje, akapunguza sauti.

Mnada: Sikiliza, mdogo wangu. Kamanda wa sungusungu ana watu kumi wa kusema wamesikia. Anamtaka mmoja wa kusema ameona. Ni wewe. Unasimama, unasema ulichoniambia mimi hapa, unakaa. Hujamtaja mchawi, umetaja taa.

Mboje: Wakisikia minyaa ya Nyanjige, watamfukuza.

Mnada: Atakwenda kwa ndugu zake.

Mboje: Yule mama wa kijiji cha pili naye aliambiwa aende kwa ndugu zake. Walimkuta mtoni, maiti.

Joakim alipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Redio: Na bonde lake la mpunga, Mnada? Nani atalima?

Mnada: Unasema nini?

Redio: Nimeuliza tu. Ng'ombe wako ndio wanaokunywa maji hapo jirani.

Mnada: Kikulacho ki nguoni mwako! Na wewe Mboje, usipotokea, utatengwa. Unalijua hilo. Hupewi moto, hupewi maji, hakuna wa kukodi maksai wako. Milembe akishikwa na uchungu usiku, nani atakuja? Redio?

Redio: Nitakuja.

Mnada: Na wewe utengwe?

Redio aliivuta redio yake mapajani. Mboje alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

Mboje: Nilitazama nyota tu. Ningejua, ningelala mapema.

Ndipo tukamwona anakuja kutoka njia ya kisimani. Nyanjige alitembea taratibu, fimbo mbele, mfuko mdogo wa mbegu za pamba kichwani. Watu wawili waliokuwa wakija nyuma yake walikata kona. Yeye hakuwaona. Alifika benchini, akasimama karibu na magoti ya Mnada.

Nyanjige: Mwangaluka.

Redio: Mwangaluka, mayu. Umeamkaje, mama?

Mnada alisogea mpaka mwisho wa benchi.

Nyanjige: Mboje yupo hapa? Nimekwenda kwako, mkeo amejifungia ndani. Nimebisha, hakujibu. Mgonjwa?

Mboje: Hapana, mayu. Nipo.

Nyanjige: Ah, sauti yako hiyo. Nimesikia kisimani jana uliangalia juu. Nikiuliza zaidi, wananyamaza. Mimi macho moshi umeyamaliza, sioni hata mwezi. Sasa niambie, mwanangu. Mbegu ninazo, jembe ninalo. Nianze kupanda?

Mboje alimtazama Mnada. Mnada alitazama ardhi. Redio alizungusha kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa.

Mboje: Ngoja kwanza, mayu.

Nyanjige: Haya. Ningoje mpaka lini?

Upande wa shule, filimbi ya sungusungu ililia. Ilikuwa bado asubuhi. Mkutano ulikuwa umewahishwa. Mnada aliinuka, akasimama mbele ya Mboje, akangoja. Nyanjige naye alikuwa ameinamisha sikio, anangoja.