Waridi, Asumini na Kipande cha Udongo

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini wakwe wawili walikaa kiti kimoja mbele yangu, kila mmoja kapakata mche wake. Mama wa bwana harusi alikuwa na waridi, mama wa bibi harusi asumini.

"Mkwe wangu, asumini ukiipanda inakaa miaka, na harufu inawafikia watoto mpaka chumbani."

"Na nyoka wanaoifuata harufu hiyo je? Waridi ukilipogoa linachanua upya kila mwaka, tena miiba inalinda nyumba."

"Inamlinda nani? Mwanangu si mfungwa."

"Wala wangu hajasema nyumba yake inanuka."

Heshima ilikuwa imeshuka kituo cha nyuma. Wakakubaliana jambo moja tu: watapanda chini ya dirisha la wanandoa waliokaa ghorofani, kesho alfajiri, kabla yule mzee wa nyumba ya chini hajaamka.

"Kipande cha ardhi kizuri vile, yeye kajaza mchicha!"

"Hana haya."

Basi liliposimama niliwasaidia kushusha miche. Walinishukuru sana, wakaniita baba mwenye adabu. Nikabeba fuko langu la mbolea ya mchicha, nikatangulia kwenda nyumbani kufunga geti la bustani yangu.