Kidoti cha Chaki kwenye Mlango Namba 61

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba viwili karibu na bohari ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa msoma mita za maji na mkewe. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu kaja amekunja ndita kama mtu aliyeletewa hesabu isiyojumlishika, na mama aliyarudia maneno hayo kila mwaka mpaka naye akatutoka. Nyumbani tulimwita Dada Mkubwa. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Nani-Kasema, na ninyi mliosimama kule nyuma mnajua sababu.

Likizo za shule alizimaliza akimfuata baba kazini. Baba alipita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani na kipande cha chaki mfukoni. Alimfundisha kubisha hodi mara tatu kisha kurudi nyuma hatua mbili, ili anayefungua asijione amevamiwa. Nyumba yenye mbwa mkali aliiwekea kidoti cha chaki juu ya kitasa, kujikumbusha mwezi ujao aje na fimbo. Siku moja mvua ilifuta kidoti, na mbwa akamrarua baba suruali kwa nyuma. Dada Mkubwa, wakati huo ana miaka tisa, alimsindikiza mpaka nyumbani akitembea nyuma yake, unyounyo, kumsitiri na macho ya watu. Kisa hicho kilituchekesha miaka na miaka. Mkishamaliza kucheka, kikumbukeni hicho kidoti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1977, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika maarifa ya jamii. Aliwahi kuulizwa kwenye mtihani kwa nini watu wa sehemu mbili wanaotumia mto mmoja huweza kuchukiana. Alijibu: "Waulizwe wenyewe." Alipata sifuri, akaileta nyumbani kifua mbele. Somo lile aliliita porojo za vibarazani. Namba, alisema, haina mjomba wala shangazi, ukiiuliza inakujibu.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya takwimu. Sensa ya Agosti 1981 ilimkuta ana miaka ishirini na tatu, naye akapewa mtaa wenye nyumba tisini na nne, nyuma ya soko la nguo. Maagizo yalikuwa mafupi: andika namba ya nyumba mlangoni kwa chaki, jaza fomu, waambie wenyeji wasifute mpaka wakaguzi wapite. Katika nyumba kumi na moja alikuta kina mama na wazee wasioijua lugha ya fomu. Walikuwa watu waliohamia kutoka ng'ambo ya mto, wengine wakiwa na miaka thelathini pale mtaani. Ilimbidi arudi na mkalimani. Ili asichanganye nyumba, alifanya alivyomwona baba akifanya: pembeni ya namba, aliweka kidoti.

Nyumba namba 61 ilikuwa ya fundi cherehani, mkewe na watoto wao wawili. Fundi aliijua lugha ya fomu, mkewe hakuijua. Mazungumzo ya mlangoni pale Dada Mkubwa aliyashika neno kwa neno mpaka anakufa.

"Binti, namba yako imenyooka kuliko mishono yangu," fundi alimwambia. "Wateja wakiiona, watahamia kwako."

"Usiifute, mzee, mpaka wakaguzi wapite."

"Na hiki kidoti je?"

"Si kitu. Ni kumbukumbu yangu tu."

Alimaliza mtaa wake siku mbili kabla ya wenzake, na msimamizi akamsifu mbele ya wote. Hakumruka mtu, hata mtoto wa siku sita. Wakaguzi walichelewa, na mwaka ule mvua nayo ilichelewa.

Mwezi Oktoba ulifanyika uchaguzi. Kwa muda wa wiki nyingi watu walikuwa wakiambiana, kwenye mikutano na kwa vinyozi, kwamba watu wa ng'ambo ya mto wameletwa kuongeza kura. Dada Mkubwa alikuwa akiyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Siku ya tatu baada ya matokeo, saa nane mchana, kundi la vijana liliingia mtaa ule. Walikufa watu tisa, wote katika zile nyumba kumi na moja. Katika nyumba namba 61 alinusurika mtoto mmoja wa kike wa miaka mitano, ambaye alikuwa ametumwa kwa jirani kuazima pasi.

Wiki iliyofuata, muuza mkaa wa mtaa ule alimsimulia Dada Mkubwa, bila kujua anamsimulia nani.

"Hawakuuliza mtu, dada. Hata kuuliza hawakuuliza. Walikuwa wanatazama milango tu."

Kama kuna aliyewaambia maana ya kidoti, au walikisia wenyewe, hakupata kujua. Alirudi nyumbani akajilaza na kile kipande cha chaki mkononi, siku mbili hali hanywi. Mama alidhani ni malaria, akamnunulia dawa, naye akazimeza zote.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu alihamia kwa Dada Mkubwa akakaa naye miaka arobaini na miwili. Mwaka 1983 dada aliacha kazi ya takwimu, akaenda kusoma lile lile somo aliloliita porojo: jamii, utamaduni na siasa. Waliokuwa wakimsaili walishangaa, mtu wa alama zile za hesabu anatafuta nini huko. Aliwajibu kwamba anataka kujua alichokuwa akiandika. Walidhani ni unyenyekevu wa kisomi. Alihitimu mwaka 1986.

Kuanzia Januari 1987 mpaka alipostaafu mwaka 2018 alifundisha somo hilo katika chuo cha ualimu. Wanafunzi wake hakuwaanzishia vitabuni. Aliwatuma kwenye mitaa yao wenyewe wakaulize nani alihamia lini, nani hamsalimii nani, na neno "wale" lilianza kutumika lini kwa jirani gani. Mwanafunzi akisema, "Wale ndivyo walivyo," alikuwa anasimamishwa pale pale. Nani kasema? Kasema lini? Alikuwa anataka nini? Kulikuwa na neno jingine moja lililokatazwa darasani kwake, nalo ni "si kitu". Aliyelitamka aliandika kurasa mbili kueleza kitu hicho ni kitu gani.

Mwaka 2009 palikuwa na kikao cha kulifuta somo lake ili vipindi viongezwe kwenye hesabu na kompyuta. Mkuu wa idara ya hesabu, rafiki yake wa chai ya saa nne, alimtania: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulikuwa mtu wetu. Hili somo linamsaidia nini mtu?" Dada Mkubwa alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Hesabu nilikuwa naijua," alisema. "Nilihesabu mtaa mzima, sikukosea hata mtu mmoja. Sikujua tu nahesabu nini, kwa ajili ya nani, wakati gani."

Alikaa chini. Hakuna aliyeelewa, ila hakuna aliyecheka, na somo likabaki. Usiku ule alimwambia mdogo wake, fundi redio anayewasomea karatasi hii, kwamba alikuwa na mdomo wazi mbele ya watu thelathini na bado akashindwa kuyasema yote. Alijiita mwoga. Fundi redio alimwambia yaliyopita si ndwele. Mnaweza kubahatisha alichojibiwa: nani kasema? Na huyo aliyesema, aliumwa yeye?

Tarehe 18 Novemba 1989 aliolewa na fundi saa. Siku ya kwanza kupelekwa ukweni, kabla hajaingia, alivua mtandio akafuta mlango wa wakwe zake, juu ya kitasa na pembeni, taratibu, kama anampangusa mtoto pua. Mama mkwe alimgeukia mwanawe: "Huyu kaja kuolewa au kaja kupiga deki?" Neno hilo liligeuka utani wa ukoo mzima, na Dada Mkubwa aliliacha liwe utani. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kupitisha kiganja mlangoni. Mumewe hakuuliza. Ila kila jioni, kabla mke hajarudi kazini, alitoka na kitambaa chake cha kufutia saa akaufuta mlango wao, ili mwenzake asiwe na cha kufuta. Shemeji yetu huyo alifariki mwaka 2011, na hatutajua kama alijua. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1997 aliingia darasani kwake binti wa miaka ishirini na mmoja. Kwenye fomu ya chuo palikuwa na sehemu ya kutaja wazazi, naye aliandika: fundi cherehani, amefariki, mama wa nyumbani, amefariki, na mtaa. Dada Mkubwa aliisoma fomu ile akatoka nje, akanawa uso bombani, akarudi kufundisha. Alimpenda binti yule. Alimfundisha, akamtafutia kazi pale pale chuoni, akasimama upande wa mama siku ya harusi yake. Leo binti huyo ndiye anayefundisha somo lile. Kwa miaka ishirini na sita alimwita "mama", na kwa miaka yote hiyo mama yule alikuwa akijua na hakusema. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Hili ndilo lililomla ndani kabla ya ugonjwa.

Kansa ya ini iligundulika Novemba 2022. Alilazwa wodi ya wanawake, ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani. Binti wa fundi cherehani alikuja kila Jumamosi na chupa ya chai. Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, Dada Mkubwa alimwambia yote, kuanzia mbwa wa baba mpaka muuza mkaa. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kizibo cha chupa, akaichukua, akaondoka. Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu. Mwana wa Dada Mkubwa aliye muuguzi anasema mgonjwa alikuwa akiuliza hata siku za Jumatatu: "Jumamosi lini?" Alituacha Jumanne, tarehe 9 Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri.

Siku mbili kabla, alikuwa amemshika fundi redio mkono. "Uandike kidoti," alisema. "Usipoandika kidoti, bora usiandike chochote." Kwenye kikao cha familia wapo waliosema marehemu hasemwi, mambo ya mtu yazikwe naye. Ilibishaniwa jioni nzima. Mwisho shangazi yetu, ambaye miaka yote ndiye bingwa wa kuficha mambo, alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu mtoto anaumbuka kwa hiari yake, mwacheni. Ndiyo maana mmeyasoma.

Sasa, mistari inayofuata haimo kwenye karatasi zenu. Imeandikwa asubuhi hii kwa kalamu.

Leo ni Jumamosi. Saa mbili asubuhi, kabla jeneza halijatoka, binti wa fundi cherehani alisimama mlangoni akiwa na ile chupa ya chai. Fundi redio alimkaribisha ndani, akakataa.

"Kaka, daftari lake la sensa lipo?"

Lilikuwepo, ndani ya sanduku la chuma, limefungwa kwenye mtandio. Alilipekua akiwa amesimama. Ukurasa wa nane una mstari mmoja wa nyumba yao, kwa mwandiko ule ulionyooka: namba 61, kidoti, watu wanne. Pembeni, kwa herufi ndogo, karani wa miaka ishirini na tatu alikuwa ameandika: *Fundi, mcheshi sana. Mke anacheka naye. Mtoto mkubwa hataki kushuka mgongoni kwa baba.*

Alisoma mara nyingi. Kisha akasema, "Mimi sina hata picha yao. Sikujua baba alikuwa mcheshi."

Fundi redio aliyeandika kurasa zote hizi aliuliza tu, kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi, kama amtaje miongoni mwa watoto wa marehemu.

"Sijasamehe," alisema. "Nimekuja. Usiniandike mtoto wake. Niandike nilivyoandikwa mwanzo."

Akaomba kubaki na daftari, naye akapewa.

Marehemu ameacha binti mmoja ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume mmoja ambaye ni dereva wa lori, wajukuu watano, wadogo zake wanne, shangazi mmoja, na wanafunzi wasiohesabika, yeye mwenyewe angesema wahesabiwe. Ameacha pia mtoto mkubwa wa nyumba namba 61, aliyekuwa mgongoni kwa baba yake.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo mwenyewe hakuthubutu kujipa.